Kambare wa Mwalimu

Samaki anayesafiri hulala njaa. Siku moja kabla ya safari humpi kitu, maana akila atayachafua maji machache aliyo nayo, na njiani hakuna kichujio cha kumwokoa. Zamani tuliwabeba kwenye mifuko ya nailoni. Tangu Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, mimi hutumia ndoo ya mafuta ya kupikia, ile nyeupe yenye kifuniko cha kubana. Maji nusu, hewa nusu, na kitambaa cheusi juu ili giza liwatulize. Safari hii ndani mlikuwa na samaki wa dhahabu wawili, wa aina ya mikia miwili na tumbo la mviringo, wanaoogelea kwa kuyumbayumba kama wazee waliovaa suti za kuazima.

Kutoka Nairobi hadi Kisii mjini ndoo ilikaa katikati ya miguu yangu. Kutoka Kisii kwenda Nyamira ilibidi ipande mapajani, kwa sababu huko usafiri ni Probox, na Probox ya Gusii haijui kujaa. Mama mmoja tuliyebanwa naye, mwenyewe akiwa na mkungu wa ndizi magotini, aliinua kitambaa akachungulia.

"Hawa ni wa kukaanga au wa kuchemsha?"

Nikamwambia ni wa kutazamwa tu. Akacheka mpaka dereva akageuka kuangalia kulikoni. "Basi na mimi kesho nitabeba jogoo wa kutazama."

Waliokuwa wakingojewa na mwalimu mstaafu wa Ikonge ndio hao. Binti yake, rafiki yangu wa Nairobi, alikuwa amemnunulia tangi la kioo ili apate cha kumtuliza jioni, na sasa simu zilikuwa haziishi: samaki wanapigana, mmoja ana jeraha ubavuni, mwingine amekatwa mkia. "Wewe si ndiye unayejua mambo ya samaki?" binti aliniambia. "Nenda ukaamue kesi."

Ikonge iko Mugirango Kaskazini, Kaunti ya Nyamira, pale vilima vya Gusii vinapoanza kuteremka kuelekea mto Sondu na nchi ya Wajaluo. Ni soko kama masoko mengi ya huku: maduka ya mabati, agroveti yenye picha ya ng'ombe wa maziwa ukutani, vijana wa bodaboda wakibishana kivulini, akina mama wenye ndizi, parachichi na mafungu ya mboga ya chinsaga. Samaki wapo pia, tilapia waliokaangwa na omena waliokaushwa, wote wakiwa wamepanda kutoka Ziwa Victoria. Biashara hiyo ni ya tangu enzi za mababu: Wagusii walishuka na nafaka, Wajaluo wakapanda na samaki, na mpaka wa lugha haukumzuia mtu kula.

Nyumbani kwa Mwalimu tangi lilikuwa juu ya kabati la vyombo, ubavuni mwa kalenda ya kanisa. Kwa macho lilikuwa la kama lita mia moja na ishirini, maji yake yakiwa na umanjano kidogo. Nilivuta kiti nikakaa kulitazama, na Mwalimu akavuta chake. Mkewe alileta chai, akamwona mumewe na mgeni wametulia mbele ya kioo bila kusema, akatuachia sebule.

Kila samaki ana kituo chake, na ukivumilia robo saa utakijua. Samaki wa dhahabu watatu walikuwa wamejikunyata kwenye kona moja ya juu, mapezi yamekunjwa. Chini kabisa, amejibandika kwenye kioo kwa mdomo, alikuwepo yule samaki wa kunyonya ambaye maduka huuza kwa sifa kwamba husafisha tangi. Kwao ni Amerika Kusini, na ngozi yake ni ngumu kama ganda. Halafu wakaja wenye nyumba. Tilapia watano wa urefu wa kidole, ambao mjukuu aliwachota bwawani kwa chujio la chai, wakati huo wakiwa vichembe tu, na akawatia humo kwa huruma. Mmoja alikuwa dume. Alikuwa ameanza kupata weusi shingoni, na alikuwa akichimba. Alichota changarawe kwa kinywa, akaibeba mpaka pembeni, akaitema, akarudi. Shimo la mviringo, safi kabisa, lilikuwa limeshaenea theluthi moja ya sakafu. Samaki wa dhahabu aliyesogea karibu alikimbizwa hadi kona ile ile.

"Huyo ndiye mkorofi," Mwalimu akasema. "Nimemwita Chifu."

Nilimwambia Chifu hana ukorofi wowote. Amefikia umri wa kuoa, basi anatengeneza uwanja, na uwanja wa tilapia dume hauna nafasi ya jirani. Duka la samaki wa mapambo likikuuliza unataka samaki gani, hukupa kadi zenye maneno "mpole" na "mkali", kana kwamba ni suala la tabia njema. Mimi kadi hizo siziamini. Samaki mpole ni yule ambaye kinywa chake bado hakijatosha kummeza jirani, au ambaye bado hajafikia umri wa kutaka uwanja. Swali la kwanza la kumuuliza samaki unayetaka kumchanganya na mwingine ni upana wa kinywa chake atakapokuwa mkubwa, si leo dukani. Kinachoingia kinywani kitamezwa, hata kama wamelala pamoja mwaka mzima.

La pili ni joto. Sebule ya Ikonge asubuhi ya baridi ilinipa nyuzi 19 kwenye kipimajoto nilichotumbukiza. Hapo samaki wa dhahabu yuko kwao. Nyuzi 18 hadi 22 humfaa sana. Tilapia hupenda 25 hadi 30, na akishuka chini ya 20 hula kivivu na kukua kivivu. Betta na samaki wengi wa rangi kali wanaouzwa Nairobi wangehitaji kipasha maji usiku na mchana, na stima ya kijijini ina ratiba zake. Ndiyo maana nilikuja na samaki wa dhahabu wengine na si kitu kingine. Mwenzake mzuri wa samaki wa dhahabu ni samaki wa dhahabu, tena wa umbo lake: wale wembamba wa mkia mmoja huogelea mbio na kumaliza chakula kabla hawa wa matumbo hawajageuka. Ni jibu lisilofurahisha mtu. Binti wa Mwalimu alitarajia nipeleke upinde wa mvua.

Jeraha la ubavuni halikuwa kazi ya Chifu. Nilizima taa, nikaiwasha ghafla baada ya muda: msafishaji alikuwa amekiacha kioo, amempanda samaki wa dhahabu mmoja aliyesinzia na kumng'ang'ania ubavuni. Ute wa samaki wa dhahabu una lishe, na akishauonja harudi tena kwenye mwani. Mwalimu alikasirika kuliko alivyomkasirikia Chifu, maana huyu alimnunua kwa pesa.

Maji yenyewe ni ya mvua, yaliyovunwa kwenye mabati. Ni safi, hayana klorini, ila karibu hayana madini yoyote, na maji ya namna hiyo huelekea asidi upesi samaki wanapojisaidia humo. Mle tangini walikuwa wameweka vitu viwili vya urembo: kiboko mdogo wa jiwe la Tabaka, lile jiwe laini ambalo mafundi wa Gusii hulichonga na kuliuza duniani kote, na kombe kubwa la baharini ambalo mtu alilileta kutoka Mombasa. Mjukuu alitaka kujua kama vina madhara. Tukaenda jikoni tukaomba siki. Tone moja juu ya kombe likachemka na kutoa povu dogo jeupe, mtoto akaruka. Tone juu ya kiboko likatulia tu kama maji. Nikamweleza kwamba chenye chokaa huchemka, na kwamba chokaa hiyo, ikiyeyuka taratibu, ndiyo inayoyapa maji ya mvua ugumu ambao samaki wa dhahabu wanauhitaji. Kombe libaki. Kiboko naye abaki, hana neno.

Hukumu ikawa hivi: Chifu na wenzake warudi bwawani, na msafishaji atafutiwe pa kwenda. Mwalimu alikuwa na jibu tayari. "Tumtupe mtoni."

Hapo ndipo nilipoweka kikombe chini. Kijito kilicho chini ya shamba lake kinaishia Sondu, na Sondu inamwaga maji yake Ghuba ya Winam, ziwani. Samaki wa aina hiyo waliotupwa na wenye matangi wamezaana katika mito ya Florida, Meksiko na Ufilipino mpaka wavuvi wanavuta nyavu zilizojaa magamba magumu yasiyonunuliwa. Nikamwambia msafishaji ataondoka nami katika ndoo ile ile, na Mwalimu akaniangalia kama mtu anayeona mgeni akibeba takataka zake nyumbani.

Bwawa tulilishukia asubuhi iliyofuata. "Bwakire buya," mkewe alitusalimu mlangoni, akamkumbusha mumewe kuvaa gambuti. Njia ilipita kati ya migomba, ikakata shamba la majani chai, ikafika bondeni palipokuwa na visiki vya mikaratusi. Mikaratusi ilikuwa imepandwa hapo zamani kwa ajili ya kuni na nguzo, ikanywa chemchemi. Mwalimu aliikata yote alipotaka maji yarudi, na yakarudi.

Bwawa lake ni la mita za mraba 300, na kipimo hicho si cha kubahatisha. Mwaka 2009 serikali ya Kenya, katika mpango wake wa kuchochea uchumi, iliamua kuchimba mabwawa 200 katika kila jimbo la uchaguzi miongoni mwa majimbo 140, kila bwawa mita za mraba 300, vijana wakilipwa kuchimba na wakulima wakipewa vifaranga elfu moja kwa kila bwawa. Haikuwa mara ya kwanza. Miaka ya 1960 idara ya uvuvi ilikuwa na kampeni ya kuwahimiza watu wale samaki zaidi, na vishimo vya maji vikachimbwa nyuma ya nyumba nyingi za Magharibi na Kati, vingi vikafa miaka iliyofuata. Gusii, yenye mvua ya kutosha na udongo unaoshika maji, iliyapokea mabwawa ya 2009 kwa mikono miwili. Ila waliopanga idadi ya vifaranga hawakuwaambia wakulima wa kutosha nini hutokea tilapia elfu moja wakiachwa peke yao.

Mwalimu aligundua mwenyewe. Tilapia jike hubeba mayai kinywani. Dume akishachimba shimo lake, jike huja, hutaga, hukusanya mayai kwa kinywa na kuyalea humo, na hata vifaranga vikishaanguliwa hurudi kinywani vikitishwa. Ulinzi huo unafanya karibu wote wapone. Na jike haweki akiba ya ujana: bwawani anaweza kuanza kuzaa akiwa na miezi mitatu au minne, bado ni wa kitoweo cha mtoto. Basi unapanda elfu moja, baada ya miezi sita una maelfu yasiyohesabika, wote wanagombea chakula kile kile, hakuna anayekua. Mavuno ya kwanza ya Mwalimu yalikuwa ndoo baada ya ndoo ya samaki wa vidole vitatu. "Mke wangu aliuliza kama nimelima omena," alisema.

Wapo wanaoliepuka hilo kwa kununua vifaranga madume watupu. Vituo vya kuzalishia hulisha vifaranga vichanga chakula chenye homoni kwa wiki tatu au nne, na karibu wote hugeuka madume. Nje kidogo ya mji wa Kisii, kule Kegati, taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari na uvuvi ina kituo cha ufugaji wa samaki, na kuna kingine Sang'oro, chini huko Nyakach, si mbali sana na Ikonge. Mwalimu anajua yote hayo. Ila yeye ni mtu wa kufanya kwa mkono, na siku ile alitaka kunionyesha anavyochagua.

Kijana wake alivuta wavu kutoka upande mmoja hadi mwingine, maji yakageuka tope jekundu, tilapia wakaanza kuruka. Mwalimu alikaa juu ya debe lililopinduliwa, beseni mbili mbele yake. Alichukua samaki mmoja wa kiganja, akamlaza chali kwenye mkono wa kushoto, akamfuta tumboni kwa kidole gumba. Nyuma ya njia ya haja kuna kinundu kidogo cha nyama. Alichovya kijiti kwenye wino wa bluu, wino wa kalamu alioubakiza tangu enzi za kusahihisha, akapaka hapo, akafuta. Rangi ikabaki kwenye mistari tu. "Tazama. Matundu mawili ni dume. Matatu ni jike." Huyu alikuwa na matundu mawili na ncha ya kinundu ilichongoka, akaenda beseni ya kushoto. Aliyefuata alikuwa na mstari wa bluu uliokatiza katikati, wa tundu la mayai. Beseni ya kulia, ya kuliwa na kuuzwa mapema. Alifanya hivyo bila kuinua kichwa, samaki baada ya samaki, vidole vikiwa vya bluu, na nilipojaribu mimi aliniachia kisha akawa anasahihisha kwa kuhamisha kutoka beseni hadi beseni bila kusema neno. Niliona kwamba wanafunzi wake walikuwa na kazi.

Hata kwa jicho kama lake majike kadhaa hupenya. Watoto wa hao ndio kazi ya kambare.

Kambare wake hawakuonekana mchana. Wavu uliinua mmoja tu, mweusi, mwenye kichwa bapa na sharubu nane, akiteleza kama sabuni, na kijana akamrudisha haraka. Kambare hula chochote, ila usiku huwinda, na vifaranga vya tilapia vilivyotoka kinywani mwa mama ndivyo chakula chake kinachompendeza. Kwa tilapia kumi Mwalimu huweka kambare mmoja. Siri yote iko kwenye wakati. Tilapia hutangulia, wakue miezi miwili hivi mpaka kambare mdogo hawezi kuwameza. Ndipo kambare wa urefu wa kidole wanapoletwa. Ukianza na kambare, au ukiwatia pamoja wakiwa sawa, baada ya muda una bwawa la kambare wanene na maji. Ukichelewa kuwavuna kambare, vinywa vyao vitaendelea kupanuka, na waliokuwa walinzi watageuka wezi.

Hapo ndipo nilipoona tofauti yangu na Mwalimu. Mimi ninayefuga kwenye kioo hutafuta samaki wasiodhuriana kabisa, na nikiwapata najiona hodari. Yeye anahitaji madhara, ila yenye kipimo: kinywa cha ukubwa fulani, kwa miezi fulani, kisichozidi mtoto na kisichofika mzazi. Nadhani elimu yake ni ngumu kuliko yangu. Bwawani kuna pia faida nyingine ambayo tangi haina: kambare anao mfuko wa kupumulia hewa nyuma ya matamvua, hivyo asubuhi maji yanapokosa oksijeni na tilapia wanapanda juu kupapatika, yeye hupanda akameza hewa na kurudi chini. Hashindanii na mwenzake pumzi.

Bwawa likiachwa, halibaki tupu. Watafiti waliofanya kazi Kisii ya Kati walitia tilapia katika mabwawa yaliyotelekezwa, wakalinganisha na lililoachwa bila samaki. Matokeo yaliyochapishwa 2007 yalionyesha kwamba baada ya wiki 15 mabuu ya mbu wa malaria yalikuwa yamepungua kwa zaidi ya asilimia 94 penye samaki, na ya mbu wengine kwa zaidi ya 75. Malaria ya nyanda za juu huja kwa vishindo na hukuta watu wasio na kinga ya kutosha, kwa hiyo habari hiyo si ndogo kwa wakazi wa mabonde haya. Chini ya bwawa la Mwalimu kulikuwa na jingine la jirani, limejaa majani na mayai ya vyura, limeachwa tangu chakula cha samaki kilipopanda bei. Mwalimu anataka kumpa jirani majike yake ya ziada bure. Jirani hataki, anasema akiwa na samaki atakuwa na wezi.

Tukiwa tumekaa ukingoni tukisubiri tope litulie, mjukuu aliuliza kama ziwani pia kuna mtu anayechagua nani akae na nani. Swali la mtoto wa darasa la nne, na jibu lake ni historia nzima. Watu walichagua. Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 mbuta alitiwa katika Ziwa Victoria, samaki anayeweza kufikia karibu urefu wa mita mbili na uzito wa kilo 200. Walitia pia tilapia wa Naili, huyu huyu wa bwawani, ambaye alikuja kuwasukuma kando ngege na mbiru, tilapia wenyeji wa ziwa. Kwa miaka ishirini hivi mbuta alikuwa kama hayupo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 akalipuka. Ziwa lilikuwa na aina zaidi ya 500 za fulu, samaki wadogo wenye mifupa mingi, kila aina na chakula chake: wala konokono, wala mwani, wala mayai ya wengine. Karibu 200 zinadhaniwa kupotea. Hakuna aliyetazama kinywa cha mbuta akakipima na fulu. Au alikitazama, akaona minofu ya kuuza nje, na kweli viwanda vya minofu vikaja. Ngege wa asili leo unaweza kumpata katika Ziwa Kanyaboli, Siaya, ambako mapapiri yamewazuia mbuta.

Fulu wengine wanaishi uhamishoni. Kuna watu Ujerumani na Marekani wanaowafuga vyumbani, na makumbusho ya samaki hai ya Marekani yana mpango wa kuwahifadhi tangu miaka ya 1990. Anayependwa sana ni mwenye jina la Nyerere, aliyepewa jina hilo na wanasayansi 1985, mwaka ule ule Mwalimu wa Butiama alipoachia urais: dume mwenye mgongo mwekundu, ubavu wa manjano na mistari myeusi, mwenyeji wa miamba ya Ghuba ya Mwanza. Wafugaji wake wa ng'ambo wanashauriana kwa uzito kuliko wazee wa ukoo: dume mmoja, majike wengi; usimweke na dume wa rangi inayofanana naye, watauana; usiweke majike wa aina mbili zinazofanana, watazaa machotara. Hilo la mwisho lina sababu yake. Majike huchagua dume kwa rangi, na Ole Seehausen na wenzake walionyesha katika utafiti wa 1997 kwamba maji yakichafuka, macho ya majike hukosa kutofautisha, na aina mbili zilizoishi jirani bila kuchanganyika huanza kuwa moja.

Nilitazama tope jekundu la bwawani, nikatazama kijito. Msimu wa mvua mito yote ya huku hushuka na rangi ile ile. Mwalimu hakuhitaji kuambiwa; alinyoosha kidole upande wa pili wa bonde, penye shamba lililolimwa hadi ukingoni mwa maji, akatikisa kichwa.

Kuhusu kambare nilikuwa nimebakiza swali moja, na nililiuliza Ijumaa mchana, tukila tilapia kwa ugali wa wimbi na chinsaga. Kwa nini mezani hawaji kamwe? Mkewe akaangua kicheko kabla Mwalimu hajajibu. Mwalimu ni mzee wa kanisa la Waadventista. Kanisa hilo lilianza upande wa ziwa, Gendia, mwaka 1906, likapanda vilima na kushika mizizi Gusii kuliko karibu mahali popote Kenya. Jumamosi hapa maduka mengi hufungwa. Na Waadventista huifuata sheria ya Walawi: samaki wa kuliwa ni mwenye mapezi na magamba. Kambare hana gamba hata moja.

"Anafanya kazi kwangu," Mwalimu alisema. "Hatuli naye, tunaishi naye."

Nimewasikia maafisa wa uvuvi wakishangaa kwa nini wakulima wa Gusii wanasita kuchanganya tilapia na kambare ilhali vitabu vinasema inalipa. Vitabu hivyo havikuuliza nani atamla kambare. Samaki wanaweza kupatana vizuri majini, kisha wasipatane na mwenye bwawa, na hapo mpango umekufa. Wengine huona hata kumfuga ni vibaya. Mwalimu alifikiri, akamuuliza mchungaji, akaamua kwamba aliyekatazwa ni wa sahani, si wa bwawa. Mkewe hakubaliani naye kabisa, na kwa hiyo daftari la kambare hulishika Mwalimu peke yake.

Mnunuzi alifika alasiri hiyo hiyo kwa bodaboda, mama wa makamo kutoka Sondu, ndoo mbili zimefungwa nyuma kwa mpira wa baiskeli. "Japuonj!" alimwita Mwalimu kwa mbali, na Mwalimu akamjibu kwa Kijaluo. Walikuwa na haraka wote wawili: yeye alitaka kuwahi soko la jioni, Mwalimu alitaka hesabu iishe kabla jua halijazama na Sabato haijaingia. Kambare saba wakubwa walitolewa kwenye kitalu cha wavu walikofungiwa tangu asubuhi. Mizani ilining'inizwa kwenye tawi la mparachichi. Mama akalalamika kwamba vichwa ni vikubwa kuliko miili. Mwalimu akasema kichwa ndicho supu. Mama akauliza atajuaje supu mtu asiyewahi kuonja?

"Utamu wake unaujua wewe," Mwalimu akamwambia, akisoma mizani. "Mimi najua uzito. Kumi na moja na nusu."

Mama akasema kumi na moja, wakaafikiana kumi na moja, pesa ikaingia kwa simu. Mwalimu aliandika kwenye daftari kwa wino ule wa bluu, akatazama jua, akaona bado ana nafasi ya simu moja. Alimpigia mwenye vifaranga. "Kambare mia moja, Jumatatu," alisema. "Wadogo. Ukiniletea waliozidi kidole hiki nitawarudisha wote." Akakiinua kidole chenyewe hewani, kana kwamba wa upande wa pili alikuwa akikiona.